Posho, Mshahara na Mzani: Motisha ya Kazi Migodini Kolwezi

Katika migodi ya shaba ya Kolwezi, nchini Kongo, kuanzia Musonoi na Kamoto hadi Mashamba iliyofunguliwa baadaye, bidii ya mfanyakazi ilichochewa kwa unga kabla ya kuchochewa kwa fedha. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichoshwa na vibarua walioondoka mara tu walipoizoea kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaanza sera ya kuwatuliza wafanyakazi, yaani kuwapa mikataba ya miaka mitatu, kuwaruhusu kuishi kambini na wake zao, na kugharamia nyumba, matibabu na shule za watoto. Posho, yaani mgawo wa chakula, ilikwenda kwa kadiri ya ukubwa wa familia, na aliyekosa kazi bila ruhusa alipunguziwa. Hivyo usimamizi wa nidhamu ukahamia jikoni, kwa kuwa mke ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona upungufu. Ulikuwa mpango wa akili, wala haukuwa wa huruma: Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo baada ya utaifishaji wa 1967, ilirithi pia posho, shule, hospitali na gazeti la Mwana Shaba. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka Septemba 1990, uporaji ulioikumba nchi mwaka 1991 ukafuata, shimo la wazi la KOV hapo Kolwezi likajaa maji, na mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu amewaeleza watu wa shaba kuwa watoto waliotelekezwa na baba yao, na taswira hiyo inaeleweka, kwani aliyepoteza mshahara wa Gécamines alipoteza pamoja nao nyumba, daktari na ada ya shule. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ingawa hiari ya mtu asiyelipwa ni ya kutiliwa shaka.

Mwajiriwa wa migodi mikubwa ya sasa hulipwa kupitia akaunti ya benki, pengine pamoja na primu, yaani nyongeza inayotegemea uzalishaji. Na akichukua mkopo unaokatwa kwenye mshahara, deni humfunga kazini karibu kama posho ilivyomfunga babu yake, ila bila daktari. Wengi wako chini ya makampuni ya kandarasi, ambako masharti kwa kawaida ni hafifu zaidi. Mchimbaji mdogo, anayeitwa krezeri, hana hata hayo: katika soko la Musompo hulipwa kwa uzito wa gunia na kiwango cha madini kinachosomwa na mashine ya mnunuzi, hivyo huchimba kwa nguvu zote, wala hakuna anayemlipa kwa kuimarisha kuta za shimo.