Nakivale na Mbarara: Mgeni ni Nani Uwanjani?

Asiyepata kufika Nakivale hudhani kuwa ni kambi ya mahema yaliyobanana nyuma ya seng'enge. Sivyo. Ni nchi ya vilima vya nyasi, mashamba ya mahindi na maharage, nyumba za udongo, na ziwa lenye jina lilo hilo, katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Hapo ndipo walipopokelewa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, na mahali hapo pamehesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wamo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda imeifuata methali hiyo kwa vitendo, kwani mkimbizi wa Nakivale hugawiwa kipande cha ardhi akilime. Jua likipoa, majembe huwekwa kando na vijana hukusanyika uwanjani. Hapo kijana wa Bukavu hawezi kumwomba Msomali mpira kwa Kishi, wala Mrundi kwa Kirundi. Huita kwa Kiswahili: "Lete! Nyuma yako! Piga!" Lugha hiyo ilienea Uganda kwa njia ya kambi za askari, na kwa miaka mingi raia wengi waliihusisha na amri na bunduki. Nakivale imekuwa lugha ya kuomba pasi.

Kutoka makazini hadi Mbarara ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Gari la abiria hutimua vumbi, hupita migomba ya Isingiro isiyokwisha, kisha hushika lami itokayo Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Mwisho wa safari ni mji mkubwa wa Ankole, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu. Mto Rwizi huukatiza mji huo, na Chuo Kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1989. Tarehe 1 Julai, 2020, Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Wapenzi wa kandanda, hata hivyo, huulizia kwanza uwanja wa Kakyeka.

Klabu ya Mbarara City, iitwayo Simba wa Ankole, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017. Mwaka uliofuata Nyamityobora, klabu yenye jina la mtaa wa mji huo huo, nayo ikapanda. Ligi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa imetawaliwa na vigogo wa Kampala, kama Express, SC Villa na KCCA. Sasa mji ulio mbali na Kampala kwa kilomita 270 hivi ukawa na watani wake wawili, kama Dar es Salaam ilivyo na Simba na Yanga. Katika msimu wa 2018/19 ratiba iliwakutanisha mara mbili.

Pambano la watani lina ajabu yake. Kwa desturi ya ligi, timu moja lazima iandikwe mwenyeji na nyingine mgeni. Lakini yule aliyeandikwa mgeni amelala nyumbani kwake na kunywa chai ya mama yake. Ugeni wake umo katika karatasi tu.

Nyamityobora haikudumu. Kila timu ilicheza mechi 30, na msimu ulipokwisha mwaka 2019 klabu hiyo ya mtaa ikashuka daraja. Ligi Kuu ni safari ndefu zenye gharama, na huhitaji kikosi kipana. Furaha ya kumkabili jirani haitoshi kuichukua timu mpaka mwisho wa safari. Hata hivyo, hakuna aliyesema kuwa kwa kushuka imeacha kuwa ya Mbarara.

Nakivale suala hilo la mwenyeji na mgeni si la mchezo. Mwaka 1982 maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole. Baadhi walivuka mpaka na wengine walisukumwa hadi katika makazi ya wakimbizi. Wengi wao walikuwa wameishi humo miaka mingi, wakilima, wakifuga na kuoana na majirani. Siku moja ilitosha kuwafanya wageni tena.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imeleta nafuu kubwa, kwani mkimbizi ana haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Kwa hiyo kijana wa Nakivale aweza kupanda gari kwenda Mbarara, akaketi Kakyeka na kuishangilia timu aipendayo. Uraia ni jambo jingine. Kuzaliwa Nakivale pekee hakumfanyi mtoto wa mkimbizi kuwa raia wa Uganda, hata kama hajapata kuona nchi nyingine wala kujua ziwa jingine.

Jioni, watazamaji wa Kakyeka hutawanyika. Wa Nyamityobora hurudi mtaani kwa miguu. Wa Nakivale hutafuta gari la mwisho, wakibishana njia nzima juu ya mpira uliopotea mbele ya goli. Akiulizwa anakokwenda, kila mmoja hujibu: "Nyumbani."