Usiku Tuliouliza Mashine Habari za Mto

Kama hujawahi kuamshwa saa saba za usiku kwa mlio wa simu, mshukuru Mungu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zilikuwa zimeahirishwa kwa sababu ya mvua. Sisi hukaa Bula Punda, na kwetu Tana si mto wa kwenye ramani tu. Siku chache kabla, tarehe 28 Aprili, mashua ilizama kati ya Madogo na hapa mjini, watu wakafa. Nilipoiona video yake nilibisha kabisa, nikasema hiyo ni ya Bangladesh. Kumbe ni ya hapa hapa! Aibu niliyoona acha tu. Nikaapa kutoamini wala kukataa neno kabla ya kulihakikisha.

Basi usiku huo ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa Kisomali: bwawa la Masinga limepasuka, maji yatafika Garissa kabla ya alfajiri. Mama akaanza kufunga magodoro. Kaka akasema ngoja kwanza, akafungua ChatGPT akaiuliza. Ikajibu kwa Kiswahili sanifu kuliko changu kwamba hakuna taarifa yoyote ya Masinga kupasuka.

"Uongo huo. Laleni," kaka akatangaza.

Ayeyo alikuwa ameketi mkekani. "Huyo unayemwuliza amefika mtoni leo?"

"Ayeyo, huyu amesoma vitabu vyote."

"Sikuuliza kama amesoma."

Akanipa tochi. Jioni nilikuwa nimechomeka kijiti karibu na ua wa jirani, pale maji yalipoishia. Nilipofika sikukiona. Nilirudi mbio huku moyo ukinidunda, na tukamtoa ayeyo kwa mkokoteni wa punda. Kwenye adhana ya alfajiri maji yalikuwa magotini ndani ya nyumba. Vitabu vyangu vya kidato cha kwanza vyote viliharibika.

Sasa hapa ndipo paliponichanganya. Bwawa halikuwa limepasuka. Mashine ilisema kweli! Lakini Masinga na mabwawa yaliyo chini yake hadi Kiambere yalikuwa yamejaa yakafurika, na maji hayo hayana njia nyingine ila kwetu. Sisi tuliuliza kama bwawa limepasuka; hakuna aliyeuliza kama maji yanakuja. Tena baadaye niliiuliza yenyewe, ikakiri kwamba habari zake ziliishia Januari 2022. Yaani ilikuwa haijui hata kama kuna mvua.

Siku hizi programu hizi zinaweza kutafuta habari mpya kwenye intaneti, na mimi huzitumia, sitakudanganya. Picha ya zamani inayosambazwa kama ya leo wakati mwingine huikamata. Nimesoma kwamba hata Africa Check hutumia akili unde kuchambua madai mengi yanayosambaa, lakini wanaoamua lipi ni kweli ni watu. Ila habari ya mtaa wetu usiku wa manane, nani ameiandika huko iweze kuisoma? Kwa hiyo mimi humpigia abti aliyeko Madogo, hata akinigombeza kwa kumwamsha.

Juzi kundi limeleta tena habari za bwawa. Kaka akachukua simu yake. Ayeyo, bila neno, akanipa tochi.