Takhmisi ya Mnyuzi

Mnyuzi ni stesheni ndogo baina ya Muheza na Korogwe, na msafiri aliyesinzia garini huweza kuipita asijue kuwa ameipita. Lakini hapo ndipo reli mbili zilipounganishwa. Ile ya Tanga ilianzwa na Wajerumani mwaka wa 1893, na ile ya kati ikaanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905. Zikakaa mbalimbali kwa zaidi ya nusu karne, hata mwaka wa 1963 ilipokamilika njia ya kutoka Ruvu mpaka Mnyuzi. Msanii mmoja aliyezaliwa kijijini hapo, ambaye hutengeneza nyimbo kwa kompyuta, hupenda kuwaambia rafiki zake kwamba yeye ni mtoto wa maungio.

Kazi yake ni hiyo vijana waiitayo rimiksi: kuchukua wimbo uliokwisha kuimbwa, kuukata, kuupanga upya, kuutilia ngoma nyingine, na kuutoa tena kana kwamba umezaliwa jana. Ngoma aliyoizoea ni singeli, ngoma ya kasi kubwa iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, na ambayo kwa muda mrefu imejilisha kwa vipande vya taarabu vilivyoharakishwa. Asiyeipenda husema ni kelele. Labda hajapata kuiona ikichezwa.

Siku moja alirudi kwao, akamkuta bibi yake akimenya muhogo na kuimba polepole wimbo asioujua. Akautia katika simu. Ulikuwa wimbo wa wanawake waliokuwa wakianika singa za mkonge juani, kwa ajili ya kijana wa Kibena aliyeletwa kutoka upande wa Njombe kukata mkonge, akafia kambini kabla ya kumaliza kipande chake. Manamba hao waliletwa kwa maelfu na ofisi ya kuajiri iliyoitwa Silabu, iliyoanzishwa mwaka wa 1944. Na hilo jina la manamba, kama linavyojionyesha, latokana na kuhesabiwa kwa nambari. Wanawake hawakumwimba marehemu kwa nambari yake. Walimwita kwa jina, na jina la baba yake, na jina la mahali alikotoka, mwishoni mwa kila ubeti.

Msanii akaupenda wimbo kwa sauti yake, asiulize habari zake. Aliporejea mjini aliukata vipande, akauongeza mwendo, na kwa kuwa yale majina yalikuwa marefu hata hayakukaa juu ya ngoma, akayaondoa. Miezi michache baadaye wimbo ukapigwa katika harusi, Mnyuzi kwenyewe. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda juu ya taa. Bibi alikuwa ameketi na wazee wenzake. Alisikiliza kidogo, akajifunika kanga kichwani, akaenda zake kulala.

Asubuhi mjukuu alikwenda kumwamkia. Kwa desturi bibi huyo, kama mabibi wote wa pande hizo, humwita mjukuu wake "mume wangu" na kumtania kwa kuchelewa kuleta posho. Siku hiyo aliitikia marahaba tu, akanyamaza. Kisha akasema, "Yule uliyemkata alikuwa mtu."

Mwanzo msanii alijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kipuuzi. Ni kitu gani, aliuliza, katika nchi hii ya Tanga ambacho hakikutwaliwa mahali pengine? Mkonge wenyewe, uliowalisha na kuwaua watu wa Mnyuzi, ni mgeni wa Meksiko: Dakta Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka wa 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai haikuzidi 62. Kanga ilianza kwa wanawake wa pwani kununua leso za Ulaya zilizokuwa bado katika jora, wakazikata tatu tatu na kuzishona upya kwa mtindo wautakao. Beni ilichukua tarumbeta na vyeo vya askari wa wazungu ikavifanya mchezo. Rumba ilivuka bahari katika vifua vya watumwa, ikarudi Afrika katika sahani za santuri, na katika miaka ya 1960 kikundi cha Black Star cha Tanga kikaitia mwendo wake na magitaa ndani ya taarabu, mpaka taarabu ya Tanga ikawa na ladha isiyopatikana Unguja. Nani aliomba ruhusa, na aliiomba kwa nani?

Hoja hiyo ni ya kweli kabisa, na pia haijibu neno la bibi. Bibi hakusema, "Umeiba." Wimbo ule haukuwa mali yake hata aibiwe, wenyewe walikuwa wanawake wengi, na wengi wao wamekwisha kufa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda mtunzi, tena imetia hata sanaa za jadi katika ulinzi wake. Lakini sheria huuliza nani aliyetunga, nayo haikupata kuuliza nani aliyetungiwa. Hapo ndipo msanii alipokwama kwa siku nyingi.

Kilichomkwamua ni jambo alilofundishwa shuleni akalisahau. Washairi wa Kiswahili tangu kale wana sanaa iitwayo takhmisi. Mshairi hutwaa ubeti wa mwenzake wenye vipande viwili, hutanguliza vitatu vyake mwenyewe vyenye kina kimoja na kipande cha kwanza cha mwenzake, vikawa vitano. Ndivyo inavyosemekana Sayyid Abdallah bin Nasir alivyoyafanyia mashairi ya Liyongo. Mshairi wa pili ana uhuru mkubwa: aweza kueleza, kushangilia, hata kuupeleka ubeti mahali ambapo wa kwanza hakupadhania. Lakini vile viwili vya mwisho havigusi. Sauti ya zamani husimama nzima, na mpya huifikia kwa kupanda ngazi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mwendo wa saa chache tu kutoka Mnyuzi, alipowaletea Waswahili beti za Mwajemi kwa kupitia Kiingereza cha FitzGerald cha mwaka 1859, alibadili karibu kila kitu, kwa kuwa hapana tafsiri isiyobadili. Jina la Omar Khayyam likabaki pale pale juu ya jalada mwaka wa 1952.

Msanii akaufungua wimbo wake akaujenga kama takhmisi. Ngoma yake na maneno yake yakatangulia, na mwishoni kasi ikatulia, sauti ya bibi ikasikika kama ilivyotoka kinywani, pamoja na muhogo ukimenywa na majina yote matatu. Alidhani amemaliza. Lakini wapiga muziki wa harusini ni watu wa haraka. Hawataki watu wapoe. Walipoupata wimbo mpya waliukata pale kasi inapopungua, wakaunganisha mwingine, na yule Mbena akazikwa mara ya tatu.

Alipokwenda kumweleza bibi, alikuwa amejiandaa kwa kimya kama kile cha kwanza. Bibi aliendelea na kazi yake, akauliza wanakata wapi. Mwisho, akajibiwa.

"Kama wanakata mwisho, mume wangu, si uliweke katikati, wakati wamekwisha kuanza kucheza?"

Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Jina halikukaa juu ya ngoma safari hii pia, na ilimbidi aipunguze ngoma, pigo kwa pigo, mpaka ikalingana na jina.