Kiko Kilichotoka Sandukuni

Sajini mmoja mstaafu wa Arua alikuwa amekiacha kiko kwa miaka tisa, kwa kuwa mkewe hakustahimili moshi. Matanga yalipokwisha, alikitoa sandukuni, akakwangua masizi ya kale, akatia tumbaku: chini kwa wepesi, juu kwa kukaza kidogo. Kiko hakitaki pupa. Avutaye kwa haraka huunguza ulimi.

Harufu ilivuka ua. Jioni ya pili akabisha hodi karani mstaafu wa nyumba ya pili, kiko chake mfukoni. Kisha akaja bibi mmoja wa ng'ambo ya barabara na kiko cha udongo. Kumbe miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akivuta peke yake! Huketi chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kwani sheria ya Uganda ya mwaka 2015 yakataza kuvuta mahali pa watu wote, hata umbali wa mita 50 kutoka hapo.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, amemwambia wazi kwamba kiko nacho huleta saratani ya kinywa. Asema kweli, na mzee hakumpinga. Alimjibu tu kwamba tangu msiba, ni chini ya mwembe ule anapoweza kumtaja marehemu kwa jina. Binti akanyamaza, akawaita wajukuu waondoke penye moshi.