Uvira: Gari iliyogonga, bei yake inatoka wapi?

Kwa wiki tatu Probox moja nyeupe ilikaa mbele ya garaji moja ya Mulongwe, pua yake imekunjika upande wa kuume. Watoto wa avenue waliingia kupitia dirisha lisilo na kioo na kucheza udereva. Mwenye gari, mama mjane anayeuza vitambaa sokoni, alipita hapo kila jioni, na kila jioni alisikia bei nyingine.

Komisioneri wa kwanza alisema dola 1,500. Wa pili alisema 1,200, tena hata hakuinama kutazama chini ya gari. Shemeji yake aliye Bujumbura alimwambia kwa simu asikubali kitu chini ya 3,000. Kila mtu alikuwa na bei. Hesabu yake hakuna aliyemwonyesha.

Ajali ilitokea asubuhi, karibu na Kiliba, gari ikirudi kutoka Sange na abiria na mihogo. Kama gari nyingi zinazotoka Japani na kupitia Dar es Salaam, ilikuwa na usukani upande wa kuume, na Kongo watu wanaendesha upande huohuo wa kuume. Kwa hiyo dereva akitaka kupita lori, haoni kinachokuja mbele. Anamwuliza abiria aliyekaa kushoto kama njia iko wazi. Siku ile abiria alisema, "Pita." Pikipiki ikatokea. Dereva akakata kuume, gari ikaingia mtaroni na kugonga mti. Hakuna aliyekufa. Dereva alishonwa paji la uso.

Karatasi ya bima ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, na mama alidhani itamlipa. Lakini bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kulipa hasara aliyowatia watu wengine. Gari yake mwenyewe haimo, isipokuwa amelipia mkataba wa zaidi, na yeye hakuwa amelipia. Nchini Ufaransa, mtu mwenye mkataba kama huo hutumiwa mtaalamu anayepima, na matengenezo yakizidi thamani ya gari, mwenyewe anapewa pesa ya gari ilivyokuwa kabla ya ajali. Huku Mulongwe mtaalamu alikuwa mzee wa garaji, tolie, na chombo chake kilikuwa kamba.

Jioni moja alichukua kartoni tupu na biki. "Mama, tuanze na gari nzima. Probox kama yako, ya mwaka huohuo, isiyogonga, leo inauzwa ngapi Uvira?"

Mama alitaja 5,500, bei aliyonunulia.

"Hapana. Hiyo imekwisha kuliwa na barabara. Leo ni ngapi?"

Walikuwa wameuliza watu watatu: 4,500. Mzee akaandika. Boneti, taa, radieta na bati la juu ya gurudumu, vyote vya kutumika kutoka Bujumbura: 590. Vyuma vya gurudumu na amortisa: 180. Kioo cha mbele: 120. Kazi ya kunyoosha bati na rangi: 450. Jumla 1,340. Mama akatoa upesi kichwani, kama mfanyabiashara anavyofanya: 3,160! Basi shemeji alikuwa na haki.

Mzee akachukua kamba. Akapima mbele ya gari kwa mkato, kutoka pembe ya kuume hadi ya kushoto nyuma ya moteri, kisha akapima mkato wa pili. Kamba zilitofautiana vidole viwili. Maana yake vyuma vinavyobeba moteri vilipinda. Kuvivuta kwa mnyororo, dola 200. Na vikinyooshwa, tairi la mbele linaweza kuendelea kulika upande mmoja. Tena mfuko wa hewa wa usukani ulikuwa umepasuka, na huku watu huukata, wakafunika shimo, wakaacha hivyo.

Kwa hiyo hata ikitengenezwa, mtu anayejua habari zake hatatoa 4,500. Atatoa 3,500. Japani kwenyewe wanaandika jambo hili: mnadani, gari iliyogonga ikatengenezwa mifupa yake hupewa alama R au RA kwenye karatasi ya ukaguzi, na mnunuzi anajua kabla ya kutaja bei. Karatasi hiyo mara nyingi inabaki njiani, gari inafika inang'aa. Wanunuzi wa Uvira wamejifunza mengine wenyewe: tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, wengi huinua zulia kunusa tope kabla ya kuwasha moteri.

Kwenye kartoni: 3,500, toa 1,340, toa 200. Inabaki 1,960. Toa tena 300 za anayenunua, kwa taabu yake na kwa ubovu ambao bado haujaonekana. 1,660. Yule komisioneri wa 1,500, aliyetukanwa sokoni wiki nzima, hakuwa mwizi sana. Bei ya shemeji ilikuwa ya mapenzi.

Kisha akaja mwalimu mmoja kijana. Alitaka gari itengenezwe, atalipa 4,000, apakie abiria kwenda Bukavu. Mama alikuwa na binti mwaka wa mwisho huko Bukavu, na pesa ya masomo ilikuwa inadaiwa. Mzee alimwambia kwa sauti ndogo, "Nikifunga bati na kupaka rangi, hataona." Hakumshauri, alimweleza tu. Lakini njia ya Bukavu inapita milima ya Ngomo, na gari ile ingejaa watu.

Mama alikaa kimya. Halafu akamwambia mzee, "Leta ile kamba."

Mwalimu alitazama vidole viwili vile, akauliza maswali machache, akashukuru, akaenda. Hakurudi.

Siku tisa baadaye, fundi mmoja wa Kavimvira aliichukua kwa 1,750, aifungue auze vipande: moteri, milango, viti, magurudumu. Kwenye karatasi ya kuuziana mama aliomba iandikwe kwamba iligonga mbele kuume na vyuma vilipinda. Fundi alicheka, lakini alisaini. Mama alilipa deni la dereva hospitalini, akatuma Bukavu nusu ya pesa ya masomo. Nusu nyingine bado.