Kwenda Kabambare na Shali Isiyokwisha

Kilichonipeleka Kabambare ni mimba ya rafiki yangu. Tulikalia benchi moja shuleni Kasongo, akaolewa Kabambare, na mimi nikabaki kuijua kwa habari za kusikia. Alipokaribia kujifungua alinitumia sauti kwenye simu: vitenge anavyo, nisimletee kitenge, nimfumie mtoto kitu. Nikajibu kwa kiburi kwamba nitamfumia shali ya majani.

Shali ya majani si kofia ya kichanga, ambayo hata anayejifunza ataimaliza akipiga soga. Niliipokea kwa bibi yangu, aliyefundishwa kufuma katika fuaye sosiali, vile vituo vya enzi ya Wabelgiji ambako akina mama waliitwa wafundishwe kushona, kufuma na kupika. Bibi hakuwa na mchoro wowote; majani aliyatunza vidoleni. Unazungusha uzi juu ya sindano, panazaliwa kitanzi kipya na tundu chini yake. Ukishaongeza hapa lazima upunguze pale, vitanzi viwili uvimeze kuwa kimoja, ili hesabu irudi ilivyokuwa. Mstari wa kwenda ni wa akili, wa kurudi ni wa kupumzika. Ukisahau tundu moja tu, jani linalala upande, na hutaliona mpaka umeshapanda mistari mingi juu yake.

Shali ilikuwa imevuka nusu nilipopanda moto, yaani pikipiki, asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nimebanwa kati ya dereva na gunia la chumvi. Ukinyoosha kamba kwenye ramani, toka Kasongo hadi Kabambare ni kilomita 100 na ushei. Ila moto haupiti kwenye kamba. Unapita kwenye mchanga, kwenye mifereji iliyochimbwa na mvua, juu ya magogo mawili yanayoitwa daraja ambapo abiria anashuka na kuvuka kwa miguu, viatu mkononi. Kufuma ukiwa juu ya moto haiwezekani. Nilifuma dereva alipoziba tairi, nilifuma kwenye bariera tukisubiri karatasi zisomwe, nilifuma chini ya miembe wenzangu wakila mihogo.

Na kila niliposhika sindano, mtu alisimama. "Mama, ni bei gani?" Nikisema ya zawadi, anauliza tena, kana kwamba zawadi ni namna ya kupandisha bei. Sikukasirika. Nchi hii ilishapimana kwa nguo. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake Kasongo ya zamani, pale Tongoni, anavitaja viramba katika masimulizi ya maisha yake: vipande vya nguo iliyofumwa kwa nyuzi za mwale, vilivyotumika kama fedha. Misafara ya pembe na watumwa ilipita upande huu ikielekea Ujiji na pwani. Kwenye njia kama hii, anayebeba nguo asiyoiuza lazima aulizwe mara mbili.

Baada ya kuvuka mto Luama nilifungua mfuko nikakuta sindano moja haipo. Ilichomoka ikatoboa kitambaa, ikabaki huko nyuma kwenye nyasi. Vitanzi vyote vilikuwa kwenye ile ya pili, salama, lakini kwa sindano moja hufumi kitu. Nikakaa juu ya jiwe. Ndipo wakatokea vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa madumu ya mawese, na mmoja, aliponiona nimeduwaa na uzi mapajani, akacheka akachomoa spoki ya akiba. Hakuhitaji maelezo; mama yake pia hufumia spoki. Kile kichwa cha spoki kinakaa nyuma kuzuia vitanzi visidondoke, upande wa hesi ndio unaonolewa. Akaisugua kwenye jiwe nililokalia mpaka ncha ikaacha kukwaruza kucha. Hela alikataa. Spoki ilikuwa nyembamba kuliko sindano yangu, basi kuanzia hapo majani yamebana kidogo, na mwenye jicho la ufumaji ataona Luama ilipo kwenye shali ile.

Kabambare tuliingia jua linazama. Ndiyo Bambarre ya yule msafiri Livingstone, alikofika mwaka 1869 na ambako vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi, 1870 hadi mwanzo wa 1871. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa matunda, mistari yake ikikatiza iliyochapwa. Mtu wa namna hiyo angeielewa spoki yangu.

Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Hakunisubiri, na shali ilibakiza safu ya mwisho ya majani na ukingo. Nikamwomba rafiki yangu anipe usiku mmoja. "Usiku upi? Baridi ya kiangazi unaiona?" Akaichukua ilivyo, spoki inaning'inia, akamfunga mwanawe. Basi nikavuta kigoda karibu na mapaja yake nikaendelea kufuma, mtoto akiwa ndani, nikivuta uzi polepole kila anaponyoosha mguu. Mama mkwe aliketi upande wa pili na taa ya simu, akiilinda ile ncha, akinionya kila mstari nisije nikamtoboa mjukuu wake kwa majani ya Kasongo.