Zamu ya Usiku

Mara nyingi tuliulizwa kikundini kwa nini hatukuja. Tulijibu kwamba ni malaria. Hapakuwa na malaria. Tulikuwa tukimgeuza Baba.

Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wote wa kuume na kumwachia maneno machache. Hospitalini, kama mjuavyo, muuguzi huchoma sindano na kuandika karatasi ya dawa. Chakula, maji ya kuoga, shuka na kukesha ni juu ya jamaa. Huko ndiko tulikofundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kiunoni na ya visiginoni huoza. Tuliporudi Kadutu, kazi hiyo ilirudi pamoja nasi. Mama ilimpasa kuuza sokoni ili tule.

Tulikuwa watatu, mkubwa miaka 17, mdogo 11. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, hivyo mdogo aliendelea. Ya sekondari hulipiwa. Hakuna aliyemwamuru yaya aache. Asubuhi moja hakuvaa sare, nasi hatukumwuliza neno. Kimya kile kingali kinatusumbua kuliko ugonjwa wenyewe.

Tusidanganyane: tulimkasirikia Baba. Tulihesabiana bidoni za maji. Jioni moja kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake. Mama akarudi na kumkuta ameanguka kitandani, amelowa, yu juu ya simenti, analia bila sauti. Hakutupiga. Aliketi mlangoni, furushi lake likiwa bado kichwani.

Tangu siku hiyo tuliandika zamu kwa chaki ukutani. Lililobaki zito ni kumwosha, kwa maana tulilelewa kwamba mtoto haoni uchi wa baba yake. Mdogo wetu ndiye aliyeona njia. Alimsimulia mechi ya Bukavu Dawa na Muungano, bao kwa bao, mikono ikifanya kazi, naye Baba alitazama dari na kutikisa kichwa kila aliposikia kosa.

Hatimaye tuliwaambia wenzetu wa kikundi ukweli. Jumamosi iliyofuata wawili walikuja, wakavua viatu, wakaomba waonyeshwe jinsi ya kumgeuza. Yaya alitoka saa saba mchana, akarudi jioni. Hakuwa ametoka hivyo tangu Pasaka.